"Atasema tu, msubirini"

Kauli hii inanichosha kuliko kuzunguka nyumba kwa nyumba kutwa nzima: "Atasema tu, hata baba yake alichelewa." Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Karibu kila mama ninayemkuta na mtoto wa miaka 4 asiyesema ameshaambiwa hivyo, na jirani, na shangazi, na wakati mwingine na mhudumu wa afya, jambo linaloniuma zaidi.

Mtoto wa miaka 2 kwa kawaida ana maneno kama 50 na ameanza kuunganisha mawili: "mama njoo", "nataka maji". Asipofika hapo, mpelekeni kwanza akapimwe masikio. Ataigaje sauti asiyoisikia? Nimekaa sakafuni na watoto walioitwa wakaidi miaka mizima, kumbe hawasikii vizuri.

Halafu lawama zote kwa mama: eti haongei naye, eti lugha mbili zimemchanganya mtoto. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema! Mama huyo mnayemlaumu alianza kuuliza mapema, wakati mwanawe ana miezi 18. Aliona sawasawa, mkamnyamazisha.