Penalti Iliyotolewa na Tope

Dakika ya 71, sifuri kwa sifuri, nusu fainali ya shule za sekondari. Mvua ilikatika kabla ya mapumziko, ila maji hayakuwa na pa kwenda. Winga aliingia kwenye boksi akauchokoa mpira mbele yake. Mpira ukanasa kwenye dimbwi. Yeye kasi ilimbeba, akauacha. Beki naye alikuwa ameshajitupa chini kuukata pale ambapo ungefika kama ungeendelea kutembea, na hapo ndipo miguu yao ilipokutana. Wote wawili wakaanguka, mpira ukiwa nyuma yao umetulia majini kama bata.

Nikapuliza. Penalti. Ikafungwa, mechi ikaisha moja bila.

Siku mbili baadaye kocha wa timu iliyotolewa aliwaandikia waandaaji barua yenye malalamiko mawili: ile haikuwa penalti, na uwanja haukufaa kuchezewa. Upande wa washindi ukajibu yote mawili kwa pumzi moja: uamuzi wa refa ni wa mwisho, na uwanja ulikuwa mmoja kwa wote. Majibu haya mawili nimeyasikia karibu kila msimu wa mashindano ya shule. Moja nalitetea. La pili limeanza kunikera.

Nianze na lile ninalolitetea. Sheria ya 5 ya mchezo inasema wazi kwamba maamuzi ya mwamuzi kuhusu mambo yaliyotokea mchezoni, pamoja na kama bao limeingia au halikuingia, ni ya mwisho. Mashindano ya shule yanaihitaji kanuni hii kuliko ligi kubwa. Hakuna picha za marudio. Mara nyingi refa yuko peke yake, na akipata washika vibendera huwa ni wanafunzi wa akiba waliotolewa kwenye timu zilezile zinazocheza. Ukiruhusu penalti ikatiwe rufaa, ushahidi utatoka wapi? Utatoka kwa mwalimu aliyesimama mita 50 kutoka tukio, au kwa simu ya mzazi iliyorekodi migongo ya watu. Atakayeshinda ni mwenye ufasaha wa kuandika barua.

Hata hivyo, wanaopinga wana hoja ambayo upande wetu wa waamuzi hupenda kuifunika. Kuna kosa la macho na kuna kosa la sheria. Refa akiona mguu umeguswa wakati haukuguswa, hilo ni la macho, na limekwisha. Lakini akiamua jambo ambalo sheria yenyewe hailijui, hapo hakuna cha “nilivyoona mimi”. Mwezi Aprili 2015, katika mechi ya kufuzu ya wasichana wa Ulaya walio chini ya miaka 19, England walipata penalti dhidi ya Norway wakiwa nyuma kwa mabao 2-1, muda ukiwa umeyoyoma. Leah Williamson akafunga, lakini mwenzake alikuwa ameingia kwenye boksi kabla ya mpira kupigwa. Sheria ya wakati huo ilitaka penalti ya namna hiyo irudiwe. Mwamuzi akawapa Norway mpira wa adhabu. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikaamuru mechi iendelezwe kuanzia pale pale kwenye penalti. Siku chache baadaye timu zikarudi uwanjani, Williamson akafunga tena, na baada ya sekunde chache kila mtu akaenda kuoga. Matokeo 2-2.

Kwa hiyo mlango wa rufaa upo, ila ni mwembamba. Ukifunguliwa, usidhani utamfaa aliyebisha. Mwaka 2005 Uzbekistan waliwafunga Bahrain 1-0 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, wakalalamika kwa kosa la aina hiyohiyo la penalti, wakitaka wapewe ushindi mnono zaidi. FIFA ikakubali kwamba kosa lipo, ikafuta matokeo na kuamuru mechi irudiwe. Ikaisha 1-1, na baada ya marudiano ni Bahrain waliosonga mbele. Kocha yeyote anayenoa kalamu aikumbuke hiyo.

Penalti yangu haikuwa na kosa la sheria. Kocha aliandika kwamba kijana wake hakukusudia, na kwamba “hata kadi haikutolewa, sasa kosa liko wapi?” Swali linaeleweka, lakini sheria haiulizi kusudio. Inauliza kama mchezaji aliingia bila uangalifu, na kukosa uangalifu peke yake ni faulo isiyohitaji kadi. Anayejitupa kwenye maji anajua hataweza kusimama. Mwenye kuukata mpira na akaukosa amejibebesha lawama.

Hapa ndipo ninapoanza kuyumba, maana kila sentensi ya utetezi wangu ina maji ndani yake. Beki hakukosea kukadiria kasi ya winga, alikosea kukadiria dimbwi. Mimi mwenyewe nilikuwa nyuma kama mita 30, kwa sababu kukimbia kwenye tope ni kuvuta miguu miwili isiyotaka kuja. Mstari wa boksi upande ule chokaa yake ilikuwa imesombwa, na kama miguu yao ingekutana hatua moja nyuma, ningeamua “ndani” au “nje” kwa kukisia. Ile hatua moja ndiyo tofauti kati ya adhabu ya kawaida na penalti. Watu hubishana kuhusu refa upande huu na uwanja upande ule kana kwamba ni mada mbili. Pale boksini uwanja ulishaamua nusu ya tukio kabla sijaweka kipenga mdomoni.

Ndiyo maana jibu la “uwanja ni mmoja kwa wote” linanikera. Lina ukweli wake: mteremko ni uleule, timu hubadilishana magoli, jua linalowachoma hawa litawachoma na wale. Kwa uwanja wa vumbi na mashimo yaliyotapakaa kila mahali, nalikubali. Kwa maji silikubali. Maji hayagawi sawa. Huwa mengi kipindi kimoja kuliko kingine, na hukusanyika upande mmoja wa goli. Zaidi ya hapo, humpa kila mmoja kitu tofauti kulingana na anachokitafuta. Frankfurt, tarehe 3 Julai 1974, Ujerumani Magharibi na Poland zilikutana, mshindi aende fainali ya Kombe la Dunia. Mvua ikafurika uwanja, wakaletwa zimamoto kusukuma maji kwa pampu, mechi ikacheleweshwa kisha ikachezwa. Ilikuwa mechi ya mwisho ya kundi, na kwa tofauti ya mabao Wajerumani walihitaji sare tu. Poland walilazimika kushinda, na silaha yao kubwa ilikuwa mbio za mawinga. Gerd Müller akafunga bao pekee kipindi cha pili. Siwezi kusema Poland wangeshinda kwenye uwanja mkavu, hakuna awezaye. Ila ukimwambia mtu anayehitaji mbio kwamba dimbwi ni la wote, unamdhihaki.

Kuna mambo ya uwanja yasiyo na mjadala, nayapita haraka. Radi ikisikika, watoto watoke. Kwenye michezo ya shule Marekani wanasubiri angalau dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na sijaona sababu ya mtu yeyote kufanya pungufu. Goli lisilofungwa imara ardhini lisichezewe, hata kama ni fainali. Hapo hata kocha mkali kuliko wote hunyamaza.

Ugumu uko katikati, kwenye uwanja unaochezeka “kidogo”. Sheria hiyohiyo ya 5 inamwachia refa aamue kama hali ya uwanja na hewa inaruhusu mchezo, na inamkinga asidaiwe kwa uamuzi huo. Kwenye karatasi ana uhuru kamili. Uwanjani kuna basi limekodiwa, kuna mitihani wiki ijayo, kuna mwalimu wa michezo anayekwambia kwa upole, “Refa, vijana wametoka mbali.” Kuahirisha nako si haki ya bure: timu yenye wachezaji wachache hurudi imechoka zaidi, na ratiba ikisogea mara mbili mashindano hufia njiani. Wanaosema “chezeni tu” hawana roho mbaya. Wameona michuano mingi ikifa kwa tahadhari.

Pendekezo langu ni dogo. Ubishi uruhusiwe, lakini mapema. Kabla ya kuanza na tena wakati wa mapumziko, makocha na manahodha wauzunguke uwanja pamoja na refa, mpira ukiwa mkononi. Uangushwe kutoka usawa wa kifua kwenye maboksi yote mawili na pembeni. Usipodunda, au mistari isipoonekana, mwenye pingamizi aliseme hapo hapo na liandikwe. Asiyesema hana barua ya kuandika kesho. Najua kocha mwenye timu dhaifu atajaribu kuukataa kila uwanja wenye unyevu, na ndiyo maana nataka mpira uangushwe, si maoni yakusanywe. Najua pia mvua inaweza kuanza dakika ya 60, na hapo refa atabaki peke yake na akili yake kama zamani.

Waandaaji waliyatupa malalamiko yote mawili kwa aya moja, matokeo yakabaki. Lile la kwanza hata leo ningelikataa. Tukio lilelile likitokea kesho nitaonyesha nukta ya penalti. La pili sina jibu lake. Siku ile wakati wa mapumziko nilitoka na mpira, nikauangusha katikati ya uwanja, nikauangusha mbele ya goli la karibu na vyumba vya kubadilishia nguo. Ukadunda kwa uvivu, lakini ukadunda. Goli la mbali lilikuwa mita 100 za tope kutoka nilipo, vijana walikuwa wanatetemeka kwa baridi, nikalitazama kwa macho tu na kupuliza kipindi cha pili kianze.