Trofimo Alikuwa Hawezi

Jumatano jioni nilikwenda kumwona binti wa kidato cha pili aliyelazwa hapa Tanga. Amejikunja kitandani, ametundikiwa dripu, anauma khanga ya mama yake asipige kelele. Sikumuuliza anaumwa wapi. Nina selimundu kama yeye, ugonjwa wa damu wa kurithi, nimeishi nao miaka 34. Mama yake akanivuta pembeni. "Dada, vidonge vyake alivitoa madhabahuni."

Wiki tatu nyuma mhubiri mgeni aliwaambia wagonjwa wapeleke dawa mbele, iwe ishara ya imani. Binti akapeleka foliki na haidroksiyurea zake, dawa zake za selimundu. Wiki hii wakamfungisha siku tatu, bila chakula wala maji. Mtoto wa selimundu, bila maji, kwa joto letu hili! Kila anayeishi na ugonjwa huu anajua ukikaukiwa maji unauita uchungu mwenyewe. Alipozidiwa wakamwambia imani yake ndogo.

Nimekasirika, na nitasema kama Mkristo.

Fungua 2 Timotheo 4:20. Pauli yuko kifungoni, anataja wenzake mmoja mmoja, nani yuko wapi, anafika hapa: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Sisi watu wa pwani neno hilo hatulihitaji kamusi. Ukipiga hodi kwa jirani ukaambiwa leo hawezi, unajua anaumwa, unarudi kumletea uji. Trofimo alikuwa hawezi. Na aliyemwacha ni Pauli yuleyule ambaye kule Efeso leso zilizotoka mwilini mwake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Soma Matendo 19. Trofimo mwenyewe ni mtu wa Efeso. Alifuatana na Pauli mpaka Yerusalemu. Kama ukaribu na mtumishi wa Mungu ungetosha kumponya mtu, nani angemtangulia? Lakini aliachwa Mileto mgonjwa, na Pauli hakuandika habari ya imani haba wala dhambi iliyofichwa. Aliandika hawezi, akaendelea na salamu.

Timotheo naye aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yampatayo "mara kwa mara". Maneno hayo matatu yananitoa machozi, maana ndiyo maisha yangu. Pauli aliomba mara tatu mwiba wake, ule wa mwilini, uondolewe. Aliambiwa neema inamtosha, na mwiba ukabaki.

Nakubali, Mungu huponya. Nimeombewa mara nyingi na nitaendelea kuombewa. Hata mhubiri yule, nasikia, hakuomba shilingi ya mtu, na alilia alipokuwa akiomba. Sawa. Machozi yake hayakumnywesha mtoto maji.

Na wale wanaosema ni laana ya ukoo wamwache mama wa watu. Baba amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, mama kimoja, basi kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata ugonjwa. Kinasaba hicho kikiwa kimoja tu humkinga mtoto na malaria kali, ndiyo maana kimeenea kwetu kwenye mbu.

Mnaniuliza tumaini langu liko wapi kama sitegemei kuamka kesho nimepona. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa saba, kusi inavuma, mifupa ilinishika saa nane usiku. Sikuweza kuomba. Nilikumbuka tu Zaburi ya 88, ile inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, nikasema kumbe hata hii imo ndani ya Biblia. Mtu amelia hivi, na Mungu hakuifuta. Jirani yangu, bibi wa Kiislamu, alisikia nikiguna akaja na maji ya moto na dafu. "Pole mwanangu, Mungu hakutupi." Alikaa akinikanda miguu mpaka adhana ya alfajiri. Usiku ule maumivu hayakupungua hata kidogo, na sijawahi kuwa na hakika ya Mungu kama nilivyokuwa usiku ule. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo nameza vidonge vyangu baada ya sala ya asubuhi, naona ni jambo moja.

Binti aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, Mungu amenikasirikia?" Nikamsomea mstari wa Trofimo. Akafikiri kidogo. "Sasa alipona?" Nikamwambia haikuandikwa. Nikamwambia kilichoandikwa ni kwamba Pauli hakumsahau, alimtaja kwa jina akiwa mwenyewe gerezani.

Akaomba maji, akanywa bilauri nzima.

Vidonge vyake bado viko kanisani. Jumapili nitamwomba mchungaji nisimame kabla ya matangazo niusome mstari huo, halafu nitakwenda mbele kuvichukua.