Funguo zote mkononi mwa afisa TEHAMA

Katika ofisi nyeti, afisa TEHAMA hahitaji cheo kikubwa ili aone mambo makubwa. Mkurugenzi husoma faili lililoletwa mezani kwake. Kijana anayesimamia seva anaweza kuyafungua yote, saa nane usiku, bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo wanaotaka mtu huyo apekuliwe kwa kina, yaani historia na mwenendo wake vichunguzwe, kabla ya kupewa barua ya ajira wana hoja nzito, nami nipo nao. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti nchini Tanzania ulitoa orodha ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wapo waliokata rufaa, lakini ukubwa wa orodha ile ulionyesha jinsi mlango ulivyokuwa wazi. Na cheti ndicho kitu chepesi kuliko vyote kukihakiki. Madeni ya mtu, marafiki zake na hasira zake havina namba ya mtihani.

Wanaopinga upekuzi mrefu nao wasipuuzwe. Kijana hodari wa usalama wa mitandao hakai nyumbani kungoja. Benki au kampuni ya simu itamchukua. Na kiti chake serikalini hakibaki kitupu. Atakikalia anayejitolea, au fundi wa mzabuni ambaye hakuna aliyewahi kuuliza habari zake.

Niliwahi kusubiri huduma kwenye ofisi moja ya umma, mfumo ukagoma. Aliyeitwa alikuwa mwanafunzi wa fildi. Akainua kibodi, na chini yake palikuwa na karatasi ya njano iliyobandikwa kwa selotepu. Akaingiza nywila herufi kwa herufi huku akiisoma kwa sauti ya chini. Mwenye nywila hiyo alikuwa likizo. Hata kama mwenyewe alipekuliwa hadi kijijini kwao, siku ile upekuzi wake ulikuwa umeazimwa na mtu mwingine.

Si jambo dogo. Katika kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa nchini Kenya, iliyolipuka 2015, zilitajwa shilingi milioni 791 za Kenya, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba nywila za maofisa zilitumika kupitisha malipo kwenye mfumo wa fedha wa serikali.

Marekani hupekua kuliko wengi wetu, na bado iliumia. Edward Snowden, aliyetoa siri za shirika la ujasusi la NSA mwaka 2013, alikuwa na kibali halali cha kuona siri na alifanya kazi kupitia kampuni ya nje. Kisa cha Jack Teixeira ndicho kinachonisumbua zaidi. Shuleni aliwahi kusimamishwa mwaka 2018 kwa maneno kuhusu silaha, lakini akapewa kibali cha juu na kazi ya TEHAMA katika kambi ya jeshi la anga huko Massachusetts. Septemba 2022 wenzake walimwona akinakili taarifa za siri. Akaonywa, akaachwa kazini. Alikamatwa Aprili 2023, nyaraka zikiwa zimekwisha kusambaa mtandaoni, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Mlangoni alipita, waliokuwa naye chumbani ndio waliomwona, na wakubwa hawakumwondoa.

Upekuzi wenyewe pia huzaa hatari. Mwaka 2015 ilijulikana kuwa wadukuzi wameiba kumbukumbu za watu milioni 21.5 kutoka ofisi ya utumishi ya Marekani, nyingi zikiwa fomu za upekuzi, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Ukikusanya siri za watumishi wako wote mahali pamoja, umemwekea adui akiba.

Kwa hiyo mimi ningeacha upekuzi wa mlangoni uwe mfupi: vyeti, rekodi ya polisi, wadhamini, na haki ya kujitetea kwa anayekataliwa kwa neno la jirani mwenye kinyongo. Nguvu iliyobaki ningeipeleka ndani. Kila mtu aingie kwa akaunti yake. Kazi nzito kwenye seva zihitaji idhini ya watu wawili, utaratibu ambao NSA yenyewe iliukimbilia baada ya Snowden. Kumbukumbu za mfumo, zinazoonyesha nani aliingia na alifanya nini, zisomwe na mkaguzi asiye wa kitengo cha TEHAMA. Anayehamishwa, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Nakubali kwamba halmashauri ndogo yenye afisa TEHAMA mmoja haiwezi kuwa na watu wawili. Lakini idhini ya pili si lazima itoke chumba hichohicho. Inaweza kutoka mkoani, au Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa mtu ambaye hajawahi kunywa chai na huyo anayeomba.