Kidonge, inzi na ile 28 iliyobaki

Mtu ana uzamivu wake wa biolojia, anapewa mkataba wa miaka miwili mitatu akachunguze namna mirija ya hewa inavyochipua ndani ya yai la inzi wa matunda, hawa wanaozengea ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mlipa kodi akisikia hivyo huguna. Simlaumu. Hoja anayo, na iliyo nzito kuliko zote ni ya mwaka 1991.

Mwaka huo Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya jaribio la wanawake 1,817 katika nchi 7, wote wakiwa wameshapata mimba yenye kasoro ya mrija wa neva (ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo), kama vile mgongo wazi. Asidi ya foliki, aina ya vitamini B, ikianzwa kabla ya mimba, ilipunguza kujirudia kwa kasoro hiyo kwa asilimia 72. Madaktari hawakungoja kuelezwa mrija ule unajikunjaje. Walijaribu kidonge, kikafaa. Sasa inzi wa nini?

Ila hiyo 72 ina mwenziwe: 28. Hao ni wale ambao mama alimeza vidonge ipasavyo na bado mrija haukufunga. Nao hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa (nambari imegongana tu), akina mama wengine hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Kuongeza dozi siyo jibu. Mwaka 1997 watafiti wa London walionyesha kuwa panya wenye mkia uliopinda, ambao foliki haiwasaidii, hupungukiwa na kasoro hiyo wakipewa inositoli, kirutubisho cha jamii ya sukari. Kwa binadamu halijathibitika, lakini njia hiyo isingeonekana bila mtu kuukodolea macho mrija wenyewe.

Na inzi ndiye mwenye mirija inayoonekana vizuri. Mayai hutagwa juu ya jeli ya juisi ya zabibu, huoshwa kwa klorini mpaka ganda la nje litoke, kisha huwekwa chini ya hadubini. Kila kifuko cha hewa huanza na seli kama 80, zisizogawanyika tena: hutambaa, hujivuta, hubanana. Zinafuata nini? Mwaka 1996 maabara ya Mark Krasnow, Stanford, ilionyesha kuwa seli zilizo nje ya kifuko hutoa ishara kupitia jeni ya branchless, na tawi huelekea huko. Ishara ikiwashwa mahali pasipo pake, tawi nalo hupotea njia.

Miaka miwili baadaye ikaja habari ya panya aliyenyimwa Fgf10, jeni ya ukoo uleule. Alizaliwa na koromeo la hewa lililoshuka vizuri hadi kifuani, likakomea hapo. Mapafu hayakuwepo.