Ibara Isiyomfunga Mkubwa Yeyote

Katika mkutano wa hadhara uliofanyika Mwanga, hapa Kigoma Mjini, kijana mmoja anayetafuta ubunge alipanda jukwaani, akasalimu kwa salamu za dini zote mbili, kisha akatangaza kwamba kazi yake ya kwanza bungeni itakuwa kudai Katiba itamke wazi kuwa ndoa za jinsia moja ni marufuku. Vigelegele vilipigwa kwa muda mrefu, na kina mama waliokuwa wamekaa mbele na beseni zao za dagaa wakasimama kushangilia. Mimi nilikuwa nikisubiri kusikia atasema nini kuhusu kufungwa kwa uvuvi katika Ziwa Tanganyika, jambo lililodumu kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 na kuziacha nyumba nyingi za Katonga na Kibirizi bila kipato. Hakuligusa, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu baada ya shangwe ile swali lolote jingine lingeonekana kuwa ni upinzani dhidi ya ndoa za baba na mama zetu.

Jambo hili limenikaa moyoni, na nataka kulisema bila kuzunguka. Nchi hii haina ndoa ya jinsia moja. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaeleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha, kwa tendo lenyewe. Hakuna msajili, padri wala sheikh anayeweza kuifungisha ndoa hiyo. Kwa hiyo mgombea yule aliahidi kukataza kilichokwisha kukatazwa, na katika ahadi kama hiyo anayepata faida kwa hakika ni yeye peke yake, kwa sababu haitamgharimu shilingi moja ya bajeti na hakuna atakayemrudia baada ya miaka mitano kumuuliza imefikia wapi.

Njia hii ilikwishapitiwa na wengine. Marekani, baada ya mahakama kuu ya jimbo la Massachusetts kufungua mlango wa ndoa hizo Novemba 2003, Rais Bush alisimama Februari 2004, mwaka wa uchaguzi, akaomba Katiba ya nchi irekebishwe ili kuzizuia. Mwezi Julai hoja hiyo ilikwama katika Seneti kwa kura 48 dhidi ya 50, wakati ilihitaji 60 ili iendelee tu kujadiliwa. Siku ya uchaguzi majimbo 11 yalipigia kura marufuku ya namna hiyo katika katiba zao na yote yakaipitisha, Ohio likiwemo, jimbo ambalo Bush alilishinda kwa kura zipatazo 118,000 na ambalo lilimrudisha Ikulu. Wachambuzi bado wanabishana kama ni marufuku hiyo iliyompa ushindi, na nakubali kwamba wanaosema haikumsaidia sana wana hoja nzito. Lakini tazama kilichofuata: alipokwisha kushinda, nguvu yake ya mwanzo ndani ya nchi aliielekeza kwenye kubadilisha mfumo wa pensheni za wazee, na marufuku ya ndoa ikawekwa kabatini hadi Juni 2006, miezi michache kabla ya uchaguzi wa wabunge, ilipotolewa tena na kukwama tena. Aliyekuwa meneja wa kampeni ya 2004, Ken Mehlman, mwaka 2010 alitangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe ni shoga, na baadaye akaomba radhi kwa yaliyofanywa na chama chake. Chama cha upande wa pili nacho hakikuwa safi, maana sheria ya kuzinyima ndoa hizo utambuzi wa serikali kuu ilitiwa saini na Clinton Septemba 1996, wiki chache kabla ya yeye kuomba kura.

Hayo ni ya mbali. Ya karibu yananiuma zaidi.

Uganda iliirekebisha Katiba yake mwaka 2005. Sheria ile ile ya marekebisho iliyoingiza katika ibara ya 31 maneno ya kukataza ndoa ya watu wa jinsia moja ndiyo iliyofuta ukomo wa mihula miwili ya urais. Sisemi kwamba kifungu cha kwanza kiliwekwa makusudi ili kukifunika cha pili, kwa kuwa hilo siwezi kulithibitisha. Ninachosema ni kwamba kimoja kiliwabana watu ambao hawakuwa na uwezo wowote wa kudai ndoa, huku kingine kikimfungulia mtu mmoja mlango wa kugombea 2006, 2011, 2016 na 2021, na kwamba vyote viwili vilipita mikononi mwa Bunge lile lile. Ukomo wa umri, uliokuwa miaka 75, nao ukaondolewa mwaka 2017. Kile cha ndoa kimebaki salama, kwa sababu hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kubanwa nacho.

Na Burundi, jirani zetu wa damu. Katiba yao iliyopitishwa kwa kura ya maoni Februari 2005 ilisema katika ibara ya 29 kwamba ndoa kati ya watu wawili wa jinsia moja ni marufuku. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 96, ilisema kwamba Rais huchaguliwa kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja. Ibara ya 29 haikuwahi kupata mtu wa kuitafsiri kwa namna nyingine. Ibara ya 96 ilipofika wakati wa kufanya kazi yake, mwaka 2015, ikageuka kuwa na utata: muhula wa kwanza wa Rais Pierre Nkurunziza, aliyekuwa akitaka wa tatu, tuliambiwa, usihesabiwe kwa kuwa alichaguliwa na Bunge na si na wananchi. Mahakama ya Katiba ikaafiki mwezi Mei, baada ya makamu wa rais wa mahakama hiyo kukimbilia Rwanda akisema majaji walikuwa wakishinikizwa.

Sisi wa Kigoma tunajua kilichofuata, kwa kuwa kilitufikia mlangoni. Wakimbizi wa Burundi walishuka Kagunga kwa makumi elfu, katika kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, ambako hapakuwa na vyoo vya kuwatosha hata wachache wao. Walilala ufukweni na magodoro waliyoyabeba kichwani, wakanywa maji ya ziwa lile lile walilooga, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ilisimama mbali na ufukwe kwa kukosa gati, mitumbwi ikawa inawapeleka kina mama na watoto hadi ubavuni mwake ili wavutwe juu, kisha wakaletwa mjini, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Katiba yao ilikuwa imeilinda ndoa kwa maandishi yasiyo na shaka, na haikuilinda ndoa hata moja kati ya zile zilizotenganishwa katika safari ile, mume akibaki upande wa pili kulinda shamba na mke akijifungulia chini ya turubai. Waliokuja walikuwa mke na mume kama ibara ya 29 ilivyotaka. Kilichowakimbiza ni ibara ya 96 kuvunjwa.

Ndiyo maana nasema mpiga kura atazame jambo moja kabla ya kushangilia: ibara anayoahidiwa itamfunga nani? Katiba ni mkataba wa kuwawekea mipaka wenye nguvu, na mwanasiasa anayekuja na ibara ya kumbana asiye na nguvu peke yake anafanya kama wavuvi wetu usiku wa giza, wanaowasha taa juu ya maji ili dagaa wapande bila kuuona wavu.

Nakiri kwamba wengi wetu hapa, Waislamu kwa Wakristo, tunaamini ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na jamii ina haki ya kutaka Katiba yake ifanane na imani zake. Wakenya waliandika haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti katika Katiba ya 2010, wakaipigia kura pamoja na mambo mengine mengi mazito, na siwezi kusema walilaghaiwa. Nimelelewa katika nyumba ya dini Ujiji na sina haja ya kuificha imani yangu. Lakini siku iliyofuata mkutano ule nilimwona kijana anayejifunza ushonaji pale sokoni akizomewa na watoto tangu kwenye maduka hadi stendi, kwa sababu tu ya mwendo wake na sauti yake laini. Hakuwahi kuomba ndoa na mtu yeyote. Dini niliyofundishwa hainiruhusu kumlipisha yeye gharama ya kura za mwingine.

Kama mgombea ana uchungu na ndoa, kazi ipo. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa na kushindwa Oktoba 2019, na mwaka ule mmoja ukapita bila sheria kubadilishwa. Hakuna jukwaa la kampeni hapa mjini ambapo nimesikia vigelegele kwa ajili ya mabinti hao. Mgombea atakayesimama tena kutuahidi ibara ya ndoa aulizwe palepale, kwa kipaza sauti, mambo mawili: kama atapeleka hoja ya kurekebisha kifungu cha 13 katika mwaka wake wa kwanza bungeni, na kama atasimama kuitetea ibara ya 40 ya Katiba yetu, inayosema hakuna mtu atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili kushika kiti cha Rais, siku chama chake kitakapomtaka aiguse.