Meseji ya kawaida bado ina kazi

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zinazotuletea intaneti kwa njia ya bahari zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo nilimwandikia mdogo wangu WhatsApp kumjulisha kwamba mama amefika salama. Tiki moja. Nikasubiri hadi jioni, bado tiki moja. Nikaona isiwe tabu, nikaandika meseji ya kawaida: "Mama kafika, kala, kalala." Sijaweka simu mezani, jibu likaingia: "Alhamdulillah, nilishaanza kuwaza."

Wapo wanaosema SMS imepitwa na wakati, na siwabezi. Bibi asiyejua kusoma leo anarekodiwa sauti na mjukuu wake, anaisikiliza hata mara tano. Msiba ukitokea, kikundi cha ukoo kinakusanya michango, kinapanga usafiri na kugawana zamu za kupika ndani ya saa chache. Aliyewahi kuratibu msiba kwa meseji za kawaida, akimwandikia mmoja mmoja, anajua mateso yake. Na mwenye bando haoni sababu ya kuhesabu herufi.

Ila meseji ina uwezo wake. Tangu Neil Papworth alipotuma ile ya kwanza nchini Uingereza, Desemba 3, 1992, haijawahi kuhitaji intaneti. Inasafiri kwenye njia ileile ambayo simu inatumia kuwasiliana na mnara, na simu ya unayemwandikia ikiwa imezimwa, mtandao unamtunzia kwa muda mpaka aiwashe. Mwisho wake ni herufi 160, na hapa Kiswahili kimebahatika, maana herufi zetu zote zinaingia humo. Anayeandika kwa herufi za Kiarabu anaishia 70. Hata wewe ukiweka kikatuni kimoja cha uso unaocheka, unashuka hadi 70 hizohizo.

Kwa hiyo kitochi chenye betri ya siku nne kinapokea tarakimu 20 za umeme wa Luku sawasawa na simu ya milioni mbili. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu mwaka uliofuata, meseji ndiyo iliyogeuka kuwa risiti. Muuza duka hakupi mzigo mpaka simu yake ilie.

Mlio huo ndio waliouvamia matapeli, na hili linaniuma kuliko yote. Mama yangu mdogo ana duka la vyakula, namba yake ya malipo ameibandika ukutani. Kijana mmoja akachukua mchele, sukari na mafuta ya kula, vya shilingi 85,000, akabonyezabonyeza simu. Simu ya mama mdogo ikalia: umepokea, kiasi, jina, mpaka namba ya muamala. Maneno yote yalikuwa sahihi. Juu yake tu, mahali pa jina la kampuni, palikuwa na namba ya mtu, 07 na kuendelea. Hakutazama juu. Usiku alipoangalia salio, hakukuwa na kitu.

Ongeza "ile hela itume kwenye namba hii", ongeza matangazo ya kubahatisha yanayoingia saa tano usiku, na utaelewa kwa nini wengi wanafuta meseji bila kuzisoma. Namba za siri za mara moja ambazo benki inakutumia kuthibitisha muamala nazo zinapita hukohuko, na tapeli akifanikiwa kurudisha laini yako kwenye simu yake, zote zinakwenda kwake. Benki zinazotegemea meseji peke yake kulinda akiba za watu zinacheza na jasho la wengine.

Hata hivyo, siafiki kuiacha. Kasoro nyingi hapa zinatokana na ulegevu wa wanaosimamia njia hiyo. Kampuni za simu zinaweza kuzuia matangazo ambayo mteja hakuyaomba. Namba 15040 ya kuripoti matapeli ipo, lakini jiulize ni wangapi mtaani kwenu wanaijua. Tukiipuuza meseji kwa kuwa wenye simu janja wameichoka, tutakuwa tumemfungia mlango mwenye kitochi, ambaye hana mlango mwingine.

Mama mdogo bado anapokea malipo kwa simu. Siku hizi ikilia anaanza kusoma juu, kisha anaangalia salio, mteja akiwa amesimama mbele yake. Ndipo anapima sukari.