Geji ya upepo kwanza, tairi mpya baadaye

Karibu kila fundi baiskeli niliyewahi kumpelekea kazi hapa Arusha hupima upepo kwa dole gumba. Anajaza, anabonyeza, anajaza tena, na tairi ikishakuwa ngumu kama jiwe ndipo anaridhika. Kwa baiskeli inayobeba gunia la mkaa kwenye lami, yuko sahihi kabisa. Kwa baiskeli ya mlimani inayoshuka kutoka Monduli Juu, juu ya mawe na makorongo, upepo ule ni mwingi mno. Naamini unawanyima waendeshaji raha na usalama kuliko tairi mbovu.

Tairi ngumu ikikutana na jiwe, inairusha juu baiskeli nzima pamoja na wewe uliyeikalia, na nguvu uliyoitoa miguuni inapotea hapo. Tairi laini inalimeza jiwe na kusonga mbele. Kwenye kona yenye changarawe inalala chini vizuri zaidi, meno mengi yanagusa ardhi, nayo inashika.

Kikwazo cha siku zote kilikuwa tyubu. Ukishusha upepo, jiwe linaibana tyubu kati ya tairi na ringi, na inatoboka matundu mawili pacha. Kwa hofu hiyo niliendesha miaka mingi na PSI 35 (PSI ni kipimo cha upepo, paundi kwa kila inchi ya mraba). Tairi za tyubulesi, yaani zisizo na tyubu bali dawa ya majimaji ndani inayoziba matundu, ziliondoa hofu hiyo, maana hakuna tena tyubu ya kubanwa. Wengi huzinunua kwa ajili ya miiba, na siwalaumu. Jioni moja, baada ya kukatiza mashamba nyuma ya Kisongo, nilichomoa mbigili 14 kwenye tairi ya nyuma, na kila tundu lilijiziba huku nalitazama. Hata hivyo, kama migunga yote ingetoweka kesho, bado ningebaki na tyubulesi kwa sababu ya upepo mdogo.

Mdogo kiasi gani? Ipo hesabu rahisi ya kuanzia. Chukua uzito wako kwa paundi, gawanya kwa 7; mbele toa 1, nyuma ongeza 2. Mimi nina kilo 74, yaani paundi 163, kwa hiyo napata 22 mbele na 25 nyuma. Kisha kila safari shusha PSI 1. Siku utakayosikia ringi inagonga jiwe, au kuhisi tairi inayumba ukiwa kwenye kona, umepitiliza, rudisha 2. Kwa tairi zangu za inchi 29 kwa 2.4, nimetulia kwenye 21 na 24. Dole gumba haliwezi kuitambua tofauti ya PSI 2, na geji za kujazia magari hazisomi kwa usahihi huo. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue tairi gani, namjibu anunue kwanza geji ya presha ndogo.

Ringi nayo isidharauliwe. Baiskeli nyingi za mtumba zina ringi nyembamba, milimita 19 au chini ya hapo kwa ndani. Ukiivisha tairi ya 2.4, inavimba kama puto, na ukishusha upepo inapinda ubavuni kila unapokata kona. Milimita 30 kwa ndani ndizo zinazoitegemeza tairi ya upana huo. Hakikisha pia imetengenezwa kwa tyubulesi, yaani ina kijigongo pembeni kinachoshikilia ukingo wa tairi. Nimeona watu wakizungushia utepe ringi ya kawaida na kuomba Mungu. Mara nyingine inakubali, lakini siku ukingo utakapochomoka kwenye mteremko hutakuwa na nafasi ya kujirekebisha. Hapo sitanii na mtu.

Tairi yenyewe, chagua yenye ubavu mnene. Mwiba unapita kwenye tairi nene na nyembamba vilevile, na dawa inaliziba tundu lake. Jiwe lenye makali likipasua ubavu, dawa inamwagika tu. Kwa sababu hiyo bado nabeba tyubu moja ya akiba kwenye begi.

Kuhusu dawa, naweka mililita 100 kila tairi. Ni utomvu wa mpira uliochanganywa na maji, na kwa joto letu na ukavu wetu hukauka upesi kuliko kifurushi kinavyoahidi. Kila baada ya miezi miwili nafungua na kuangalia. Ukingo ukikataa kukaa, paka povu la sabuni, toa kiini cha vali, kisha peleka kwenye kompresa ya wanaoziba pancha za magari. Utasikia milio miwili mikali, na tairi imekaa. Mwambie kijana wa kompresa aache hapo hapo, asiongeze, rudisha kiini haraka kabla upepo haujaisha, kisha nenda nyumbani ukapunguze kwa geji yako mwenyewe.